Pointi za kadi au bei ya kupatana? Ulinganisho kwa mnunuzi wa Kigoma

Mwenye duka la vifaa vya umeme pale Mwanga, hapa Kigoma, hana habari na pointi zako. Anachotaka kujua ni kama umekuja na hela mkononi, na akishaona unazo, sauti inashuka: "Bosi, ukileta keshi tunaongea." Nenda duka kubwa la mjini, lile lenye mashine ya kadi na kijana aliyechomekea shati, hapo hakuna cha kuongea. Bei imebandikwa. Ila ukichanja kadi, benki inakurudishia kidogo, iwe pointi, iwe asilimia fulani ya ulichotumia. Simu nayo iko katikati, na lipa namba yake na bando la zawadi.

Kati ya kufukuzia zawadi na kufukuzia bei, mimi nasimama upande wa bei. Lakini pointi nazo ni hela, na kuna manunuzi ambayo ukiyalipia kwa noti unajinyima bure. Kazi ni kujua lipi ni lipi kabla hujafika dukani.

Zawadi inatoka mfukoni mwa nani

Ukichanja kadi, mwenye duka hapokei bei yote. Benki yake inamkata asilimia, na sehemu ya makato hayo huenda kwa benki iliyokupa wewe kadi. Humo ndimo pointi zinamochotwa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2015: kwa kadi ya mkopo ya mtu binafsi sehemu hiyo isizidi asilimia 0.3 ya malipo, na kwa kadi ya kawaida ya akaunti asilimia 0.2. Matokeo yake kadi nyingi za huko hazina zawadi ya kusimulia. Marekani kadi za mkopo hazijawekewa kikomo cha namna hiyo, na ndiko utasikia kadi inarudisha asilimia 1.5 hata 2 ya kila dola inayopita.

Ule ushauri unaozunguka mtandaoni, kwamba lipia kila kitu kwa kadi ya mkopo halafu ufute deni lote mwisho wa mwezi, umezaliwa huko. Huko unafaa kwa sababu bei ya dukani mara nyingi ni ileile, ulipe kwa noti au kwa kadi. Zawadi inakuwa nyongeza tupu. Kigoma mambo ni mengine. Sehemu kubwa ya bei zetu haijabandikwa popote. Ipo kichwani mwa muuzaji, na anayo ya kwanza na ya mwisho. Tena muuzaji huyo anajua kadi itamkata, na anajua keshi ya leo ndiyo anayompelekea msambazaji kesho asubuhi. Kwa hiyo kile ambacho benki ingekurudishia asilimia moja, yeye anaweza kukupunguzia asilimia tano, ilimradi ulipe kwa njia anayoitaka.

Kwanza tazama kadi uliyonayo

Kadi nyingi zilizomo kwenye pochi za watu wa hapa si za mkopo. Ni kadi za kawaida za akaunti: ukichanja, hela yako mwenyewe inatoka papo hapo. Zawadi zake mara nyingi ni za msimu. NMB, kwa mfano, wamekuwa na kampeni ya MastaBata, ambapo wanaolipa kwa kadi huingia kwenye droo. Droo ni nzuri kwa atakayeshinda, lakini kwenye hesabu ya kulinganisha bei mimi huiandika sifuri. Huwezi kulipa elfu ishirini zaidi kwenye godoro kwa sababu huenda ukashinda pikipiki.

Kadi ya mkopo ni jambo jingine. Benki inakulipia kwanza, inakuletea taarifa ya deni, na inakupa siku kadhaa za kulilipa. Ukifuta deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, hakuna riba. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, riba inaanza kutembea. Na ukitoa noti kwenye ATM kwa kadi ya mkopo, kwa kawaida ada na riba huanza siku hiyohiyo, bila kungoja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo usije ukatoa keshi kwenye kadi ya mkopo ili ukapate bei ya keshi Mwanga. Umeshalipa punguzo lako benki kabla hujalipata.

Pointi nazo zigeuze ziwe shilingi, usizihesabu kama pointi. Tuseme kila shilingi 1,000 unayotumia inakupa pointi 5, na pointi 10,000 zinakupa vocha ya shilingi 10,000. Basi unarudishiwa asilimia 0.5. Jina la kadi linaweza kuwa la dhahabu au la almasi, asilimia inabaki nusu. Vocha yenyewe ikiwa ni ya duka lililoko Mlimani City, Dar es Salaam, hiyo nusu haikufikii.

Friji moja, maduka matatu

Tuchukue friji ya ukubwa wa kati, ya kuwekea soda na maji ya kuuza. Bei hizi nimeziweka za mfano ili hesabu ionekane. Wewe weka zako.

| | Duka la mjini, kwa kadi | Duka la Mwanga, keshi | Kariakoo, kutumiwa |
|---|---|---|---|
| Bei ya kwanza | 944,000 | 930,000 | 800,000 |
| Baada ya kupatana au punguzo | 928,000 | 880,000 | 800,000 |
| Zawadi ya kadi (1%) | −9,280 | hakuna | hakuna |
| Usafiri na makato ya kutuma hela | bure | bure | 70,000 |
| Inayotoka mfukoni | 918,720 | 880,000 | 870,000 |

Safu ya duka la mjini ina jambo ambalo wengi hawajalizoea bado. Punguzo la kutoka 944,000 hadi 928,000 halijatoka kwa muuzaji wala benki, ni la kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilishusha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi asiyesajiliwa kwa VAT anayelipa kupitia benki au mfumo wa kielektroniki, kuanzia Septemba 2025. Kwa friji ambayo bei yake kabla ya kodi ni 800,000, VAT ya 18 ni 144,000 na ya 16 ni 128,000. Hizo 16,000 ni kubwa kuliko pointi zenyewe. Lakini zinapatikana tu kwa muuzaji aliyesajiliwa kwa VAT, na usajili huo unawabana wenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Vibanda vingi vya sokoni hawako humo. Kwa hiyo kwenye duka kubwa uliza waziwazi: "Nikilipa kwa kadi au kwa simu, VAT unanipigia 16?" Kisha tazama risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kama ndivyo ilivyoandikwa. Usipouliza, mashine inaweza kupiga 18 kama ilivyozoea.

Kariakoo inaonekana ndiyo mshindi. Kwenye karatasi, ndiyo. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu wakati huo bei ya kitu cha viwandani hapa ni bei ya Dar es Salaam pamoja na safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Ukiiagiza mwenyewe unamruka mfanyabiashara wa kati, lakini unaibeba hatari aliyokuwa anaibeba yeye. Friji ikifika imebonyea ubavuni, ugomvi ni wako na kondakta. Ikigoma kuganda baada ya wiki mbili, waranti iko Dar. Kwa tofauti ya 10,000 siendi Kariakoo. Ingekuwa ni friji tano za kuanzisha duka la vinywaji, ningefikiria mara mbili, maana hapo usafiri unagawanyika.

Lakini namba ninayotaka uibebe kutoka kwenye jedwali hilo ni 918,720. Hiyo ndiyo bei yako halisi ya kadi: bei iliyobandikwa, toa punguzo la VAT, toa zawadi. Ipate kabla hujaenda Mwanga. Ukishakuwa nayo kichwani, kupatana kunakuwa na mpaka. Muuzaji akikuambia, "Kaka, mwisho laki tisa na ishirini na tano," unajua moja kwa moja kwamba kadi imeshinda, unaaga kwa heshima na kuondoka. Akifika laki tisa na kumi, tayari keshi inakulipa, ingawa kidogo. Watu wengi hupatana wakishuka kutoka bei ya kwanza ya muuzaji, wakafurahia kupunguziwa elfu kumi, kumbe bado wako juu ya bei ambayo wangeipata mjini bila kubishana na mtu.

Kuna muuzaji atakayekupa bei ya tatu: bei ya bila risiti. Hiyo usiilinganishe na hizi nyingine. Sheria inakutaka wewe mnunuzi pia udai risiti, na friji isiyo na risiti haina waranti ya kumwonyesha mtu.

Simu: "Weka na ya kutolea"

Malipo ya simu watu huyaona kama keshi. Siyo sawasawa. Ukimtumia muuzaji kwenye namba yake binafsi, atakwambia, "Weka na ya kutolea," na hapo umelipia makato mawili: ya kutuma na ya kutoa. Kwenye kitu cha laki moja na kitu, makato hayo yanaweza kumeza punguzo lote ulilopigania. Lipa namba ni nafuu zaidi kwako, lakini makato yanatofautiana mtandao kwa mtandao, kwa hiyo soma ujumbe wa uthibitisho kabla hujaweka namba ya siri. Wapo wauzaji wenye lipa namba ukutani, imebandikwa vizuri kabisa, ambao bado watakusomea namba yao binafsi. Sababu yao naielewa. Lakini mwambie kwamba ukilipia makato yake, bei ishuke kwa kiasi hichohicho.

Faida moja ya lipa namba ambayo keshi haina ni kumbukumbu. Mwenye biashara ndogo anayetaka kukopa benki mwakani anahitaji kuonyesha hela inavyozunguka, na noti haziachi alama. Hiyo nayo ni zawadi, ingawa haijaandikwa kwenye tangazo lolote.

Sokoni na mwaloni, sahau kadi

Kwa dagaa, migebuka, mawese, mihogo na ndizi, mjadala wa pointi haupo kabisa. Hapa anayetaka kuokoa hela aangalie mwezi, na nasema mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki usiku. Mbalamwezi ikikolea taa hazina nguvu, wengi hupumzika, na bei kwenye mwalo wa Kibirizi inapanda. Giza likirudi, dagaa hujaa na bei inalegea. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na aliyekuwa amehifadhi dagaa wakavu tangu Aprili alikula kwa bei ya Aprili. Hakuna kadi duniani inayorudisha kiasi hicho.

Halafu kuna nyongeza. Mama anayekupimia dagaa akishajaza sado huongeza gao moja juu, na kama wewe ni mteja wake wa kila wiki anaongeza mawili. Ukiyapima, huenda ukakuta umeongezewa asilimia tano au zaidi ya ulichonunua. Huo ndio mpango wa zawadi wa zamani kuliko wote, na hauna tarehe ya kuisha. Masharti yake ni mawili tu: usihamehame, na usibishane bei mpaka mama wa watu akachoka. Ukimkamua kwenye bei, nyongeza inakauka.

Mawese nunua kwa dumu kama una pa kuyaweka. Tofauti kati ya dumu la lita 20 na chupa za rejareja ni kubwa kuliko punguzo lolote utakaloomba.

Palipo na bei moja, chanja

Sasa upande wa pili, ambapo wapenda keshi wanakosea. Kuna vitu ambavyo huwezi kupatana hata ukilia. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na za Kigoma huwa juu ya zile za Dar es Salaam kwa sababu ya usafiri. Kituo hakitakupunguzia eti kwa sababu umeleta noti. Kama kina mashine ya kadi na hakiongezi kitu juu, kadi yenye zawadi inakupa asilimia yako bila kupoteza chochote. LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni vilevile: uniti ni zilezile, kwa hiyo nunua kupitia njia inayokurudishia bando au pointi. Tiketi ya ndege kutoka Kigoma, hoteli ya kikazi, ada zinazolipwa kwa kontroli namba, zote ziko kundi hili. Angalia tu kwamba njia uliyochagua haina makato ya ziada, maana makato ya elfu mbili kwenye malipo ya laki moja yanazidi zawadi ya asilimia moja.

Ukinunua nje ya nchi mtandaoni, kadi inashinda kwa sababu nyingine kabisa. Mzigo usipofika, kadi za Visa na Mastercard zina utaratibu wa kupinga malipo kupitia benki yako na kudai hela irudi. Ukimtumia hela kwa simu mtu wa Instagram aliyekuonyesha picha ya viatu, ukishabonyeza umebaki na imani. Lakini zawadi hapo usiihesabu sana: benki huweka nyongeza yake kwenye kubadilisha dola kuwa shilingi, na mara nyingi nyongeza hiyo inaipita asilimia moja yako. Tovuti ikikuuliza kama ulipe kwa shilingi au kwa dola, chagua dola. Ukichagua shilingi, wao ndio wanaopanga kiwango cha kubadilishia, na hawakipangi kwa kukuhurumia.

Kadi inalegeza mkono

Hoja hii watu huipuuza kwa sababu haionekani kwenye risiti. Mwaka 2001 watafiti wawili wa MIT, chuo cha Marekani kilicho jirani na Boston, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha jaribio ambamo watu waliwania tiketi za mchezo wa kikapu kwa mnada. Walioambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo walipandisha bei hadi karibu mara mbili ya walioambiwa watalipa keshi. Tiketi zilikuwa zilezile. Boston si Kigoma, lakini mtu anayehesabu noti za elfu kumi moja moja mbele ya muuzaji anajua inavyouma, na anayechanja kadi hasikii kitu. Anayepokea asilimia moja ya zawadi kisha akaongeza blenda ambayo hakuipanga, huyo amelipia zawadi yake mwenyewe.

Riba na ada

Turudi kwenye friji. Umeilipia 928,000 kwa kadi ya mkopo, ukapata zawadi ya 9,280. Mshahara ukachelewa, ukaahirisha kulipa. Tuseme riba ni asilimia 2.5 kwa mwezi: mwezi wa kwanza tu ni 23,200. Zawadi imeliwa mara mbili na nusu, na friji bado ina deni. Kwa mtu ambaye hana hakika ya kufuta deni lote kwa wakati, ulinganisho wote wa juu unafutika, na duka la keshi linashinda hata kama bei yake ni kubwa kidogo. Mfanyabiashara anayepewa mali kauli na msambazaji wake, achukue mzigo leo alipe akishauza, ana mkopo ambao mara nyingi hauna riba kabisa. Sioni kwa nini auache ili apate pointi. Ila amuulize msambazaji bei ya keshi ni ngapi. Wapo wanaoiweka riba ndani ya bei.

Mwisho ni ada ya mwaka ya kadi yenyewe. Ikiwa ada ni 60,000 na zawadi ni asilimia 1, unahitaji kupitisha shilingi milioni 6 kwenye kadi hiyo ili urudishe ada tu, kabla hujapata shilingi moja ya faida. Mwalimu wa Kasulu ambaye nusu ya mshahara wake inaishia sokoni, kwa fundi na kwenye ada za watoto hawezi kufika huko, na kadi ya kawaida isiyo na ada inamtosha. Mwenye nyumba ya wageni Kigoma mjini, anayelipia mafuta ya jenereta, tiketi za ndege na oda za mtandaoni kila mwezi, milioni sita anaweza kuwa ameshazipita kabla ya Pasaka.